Mama kanitolea figo, sasa ananiambia nimfiche mchumba

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 26, niko Moshi, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2012 nikiwa na miaka 13 figo zangu ziligoma kabisa, nikapelekwa India, mama akanitolea figo yake moja. Toka hapo niko vizuri, nameza dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Sasa nimepata mchumba, ana nia kweli, mwezi ujao kwao wanaleta mbege ya posa. Hajui kitu. Kovu hajaliona maana tumeokoka tunasubiri ndoa, na dawa nimezihamishia kwenye kopo la vitamini. Pasaka nilienda kwao Kibosho, alamu ikalia nikaizima, nikaja kumeza saa sita usiku nilipofika home. Mama anasema nikimwambia atakimbia, ningoje ndoa ipite. Mtu kanipa figo yake, nitambishiaje? Na nataka watoto ila naogopa. Binti wa Pasua.*

Marahaba mwanangu. Umeandika mengi ila mimi nimekwama hapo kwenye Pasaka. Wewe umeipitisha kwa mstari mmoja kama mtu anayesema nilisahau mwamvuli, mimi ndo imeninyima usingizi.

Mwili wako haujasahau kwamba ile figo ni mgeni, miaka yote hii haujasahau. Ni kama mbwa wa getini, anatulia kwa sababu kila saa mbili kuna mtu anakaza kamba. Ukichelewa mara moja huenda asifanye kitu, ila ukizoea kuilegeza kila ukienda ukweni, kila kikao cha harusi, kila ukiwa na wageni, ipo siku atang'ata na wewe wala hutasikia maumivu, utakuja kuambiwa kliniki kwamba kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo inatakiwa kuichuja, imepanda. Na madaktari wa figo wanalijua hili siku nyingi, waliopandikizwa utotoni wanakuwa kwenye hatari zaidi umri huu huu wa ujana, wakitoka kwenye mikono ya mama aliyekuwa anawahesabia vidonge, na sababu kubwa ni dozi kurukwa. Kwa hiyo mwanangu kuficha kwenyewe ndo kunakoihatarisha figo, kuliko ndoa, kuliko hata huyo kijana akikimbia.

Nakwambia kitu nimekiona ndani kwangu. Marehemu mume wangu alinificha presha miaka minne. Vidonge alikuwa anavificha ofisini kwenye droo, basi wikiendi hamezi, Krismasi tukipanda kijijini wiki mbili hamezi, mimi namuona kichwa kinamuuma nampa panadol na chai ya tangawizi. Nilikuja kujua siku kaanguka bafuni. Nilimkasirikia sana, na sikumkasirikia kwa kuumwa.

Basi mwambie kabla ya mbege. Watu wakishanywa na wazee wakishatema mate ya baraka, kurudi nyuma inakuwa aibu ya koo mbili, na akijua baadaye ataona mlimuuzia mbuzi kwenye gunia. Mwambie mchana, mkiwa wawili, usimtumie meseji, na usianze na kulia wala "nina jambo baya". Sema tu nilipandikizwa figo nikiwa na miaka 13, mama ndo kanipa, iko hapa mbele chini ya tumbo, zile za zamani ziko mgongoni hazikutolewa (kama na kwako waliziacha, kwa kawaida huwa wanaziacha, yani una figo tatu, mchekeshe na hilo). Toa kopo, mmwagie vidonge mezani, mwambie kila kimoja kazi yake. Na mwambie ukweli wote, kwamba figo ya kupandikizwa haina dhamana ya maisha, ya ndugu aliye hai mara nyingi inakwenda miaka 15 mpaka 20 na wengine zaidi, na dawa ni hela kila mwezi, kwa hiyo mambo ya bima myaongee kabla ya mambo ya ukumbi. Akiondoka ataondoka, utalia, mimi nipo Sakina, Arusha, njoo tule mtori.

Mama yako sasa. Huyu mama alikupeleka India miaka ambayo hapa kwetu haikuwepo, maana Muhimbili wameanza kupandikiza Novemba 2017. Woga wake ni wa mtu aliyeona mtoto anakaribia kufa, usimjibu kwa ukali. Ila figo alikupa uishi, hakuitoa kama mahari ili akumiliki. Mwambie, "Mama, naenda kumwambia, na nataka uwepo siku akija kukuuliza maswali." Naamini atalia kidogo halafu atapika.

Watoto wanawezekana. Kuna mama wa Marekani, Edith Helm, alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, akajifungua mwaka 1958, na akaishi mpaka 2011. Toka hapo wamejifungua maelfu. Ila ni mimba ya kupangwa na daktari wako wa figo mapema, siyo ya kustukia, kwa sababu kama kwenye kopo lako kuna maikofenoleti, moja ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, ile inaharibu mtoto tumboni, inabidi daktari akubadilishie na mngoje angalau wiki sita kabla hamjaanza kutafuta. Daktari abadilishe, siyo wewe uache, umenisikia? Mpaka hapo uzazi wa mpango uwepo kuanzia usiku wa kwanza, wokovu hauzuii hilo.

Na mama mkwe akijua, jiandae, atakuja na chupa ya mizizi ya kusafisha figo. Pokea kwa mikono miwili, sema asante mama, usinywe, maana miti shamba mingine inagombana na dawa zako, kama balungi tu linavyogombana na takrolimasi, dawa nyingine ya kuilinda figo ya kupandikizwa. Mgongo ukiuma usiingie duka la dawa kununua diklofenaki au brufeni, zile zinaumiza figo.

Alamu yako iite tu mezani kwa watu. Na safari nyingine ya Kibosho dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na dozi ya siku mbili zaidi, mvua ikinyesha barabara ile unaijua.