Ekzosi ikiachana, usikimbilie kukaza klampu

Fuso ninayoendesha hubeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja Arusha, na anayeijua ile barabara kabla hujaikuta lami ya Karatu anajua inavyotikisa gari. Ekzosi yake, yaani bomba la moshi na sailensa, si ya kiwandani. Imeundwa hapa mjini kwa vipande vilivyoshikwa na klampu, na vimetulia. Naandika haya kwa sababu kila nikipita gereji za Unga Limited namkuta mtu chini ya lori anakaza klampu ileile aliyoikaza juzi.

Klampu kazi yake ni kubana tu. Uzito wa bomba na sailensa unabebwa na hanga, yaani vishikizo vya kuning'inizia vilivyofungwa kwenye chesisi, pamoja na raba zake. Raba ikikatika, sailensa inaning'inia kwenye kiungio, na kila tuta linalivuta bomba chini. Hapo kaza mpaka boliti ikatike, litatoka tu. Kwa hiyo kiungio kikiachia, subiri gari lipoe, ingia chini utikise sailensa kwa mkono. Ikicheza hovyo au imelala upande, anza na raba.

Kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Legeza klampu zote, uache bomba likae lenyewe. Ukilazimika kuvuta kipande kwa nguvu ndipo kiingie kwa mwenzake, hanga imekaa vibaya, irekebishe hiyo kwanza. Bomba lililolazimishwa halitulii, linatafuta kurudi lilikotoka, na mtikisiko wa injini unalisaidia. Fundi akikwambia kazi hiyo inapoteza muda, tafuta fundi mwingine.

Joto nalo lina mchango wake. Chuma cha kawaida kikipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi, kila mita ya bomba inarefuka kama milimita 3.5, chuma cha pua kinafika 5. Ukipanda ule mlima wa Mto wa Mbu na shehena ya saruji bomba linarefuka, usiku likipoa linarudi. Ndiyo maana klampu mpya inaweza kulegea baada ya safari ya kwanza hata kama fundi hakukosea. Bomba likishapata joto na kupoa, rudi na spana uikaze tena.

Kwenye kuunga, kipande cha upande wa injini kiingie ndani ya kinachofuata, viingiliane sentimita 5 hivi. Dukani usiseme tu "inchi 4". Uliza ni kipenyo cha nje au cha ndani, kwa sababu pengo kubwa halizibwi na klampu yoyote.

Klampu ya umbo la U ni rahisi kupatikana, lakini inabonyeza bomba, na siku ya kufungua utahitaji msumeno. Mimi napendelea ya mkanda mpana, inayobana mzunguko wote. Bei yake iko juu, ila inafunguka. Ifunge karibu na mdomo wa bomba la nje, na kama bomba lina mikato ya kulisaidia kubanika, mkanda uifunike. Yenye nati mbili, kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Boliti zielekee mahali ambapo hazitagusa chesisi wala paipu za upepo wa breki.

Wapo wanaochomelea kila kiungio. Sipendi, kwa sababu ukitaka kushusha gia boksi itabidi ukate. Ikilazimika kuchomelea, chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, hasa gari lenye kompyuta.

Uvujaji unajionyesha: masizi meusi yanachora mstari kuanzia kwenye kiungio. Ukiyaona kwenye kiungio kilicho chini ya kabini, utingo asilale humo injini ikiwa inanguruma, hata kama kuna baridi kiasi gani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuizima injini.