Ana miaka 11, anashinda wote, sasa goti linauma

SWALI: Jambo kochi. Mimi ni papa wa batoto wane, tuko Goma, kartie Katindo. Binti yangu wa miaka 11 anakimbia sana, mu mashindano ya shule aliacha nyuma hata wenye miaka 13, basi yule anayemfundisha sasa anamkimbiza kila siku, mita 400 mara sita, mara nane, anapumzika tu siku ya Mungu. Ni kama miezi mbili goti linamuuma, pale chini ya kifuniko, mama yake anasema tumwachishe. Mimi naogopa talanta itapotea. Tufanye je?

JIBU: Papa, tuanze na goti, juu ndo lenye haraka. Pale anapoonyesha ndipo mshipa mnene unaotoka kwenye paja unajishika na mfupa wa mguu, na kwa mtoto anayekua ule mfupa haujakomaa, ukivutwa kila siku kwa mbio na kuruka unavimba, unauma. Madaktari wanaita Osgood-Schlatter, wanaiona sana kwa batoto wa michezo. Mara nyingi haachi yote, anapunguza mpaka maumivu yatulie. Lakini mimi goti sijaliona, mpeleke kwa daktari alihakikishe, na kama anachechemea ao linamuuma hata usiku amelala, usingoje kesho.

Sasa chukua kalamu. Msimamishe bila viatu kwenye fremu ya mlango, visigino vikigusa mbao, chora mstari juu ya kichwa, andika tarehe, rudia kila miezi mitatu. Wasichana wengi wanarefuka mbio zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu 14, mwaka ule anaweza kupanda sentimeta 8 ao zaidi, na miguu inatangulia, kwa hiyo mtoto aliyekuwa anakimbia kama swala ghafla anajikwaa, muda wake unaharibika, na wazazi wengi hapo ndo wanakasirika wanaongeza mazoezi, kumbe ni wakati wa kupunguza.

Afu niambie, ni mrefu kuliko wenzake wa klasi? Wengine wanashinda mu miaka 11 juu mwili umewahi tu, wenzao wakifika 15 wanawakuta. Omanyala wa Kenya alikuwa mtu wa raga, mbio aliingia akiwa karibu na miaka 20, na 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi. Usain Bolt wa Jamaika alianza na kriketi, 2002 akachukua mita 200 ya vijana wa dunia ana miaka 15, afu 2004 kule Athens akatoka raundi ya kwanza na maumivu ya mguu. Ile rekodi yake ya dunia ya mita 100, sekunde 9.58, ni ya 2009. Kwa hiyo papa, talanta haipotei juu ya kungoja.

Mita 400 mara nane ni kazi ya watu wazima, ingoje. Huyu mpe mita 20 mpaka 40, mara tano sita, apumzike vizuri katikati, siku mbili tatu kwa wiki, zingine acheze mpira na kamba. Mumtafutie kiwanja cha udongo, sio juu ya haya mawe yetu ya volkano. Kochi wake pengine anatafuta kombe la mwaka huu (simlaumu sana, kombe ndo linaonekana), ila muongee naye mapema.

SWALI: Ni kweli kubeba vyuma vya mazoezi kunazuia mtoto kurefuka? Mama wa Kadutu, Bukavu.

JIBU: Hapana mama, akifundishwa vizuri. Aanze na kuchuchumaa na kuruka bila kitu, kisha fimbo ya fagio begani mpaka mgongo unyooke bila kukumbushwa. Na ninyi wa Kadutu mnaopanda mlima na bidoni za maji, miguu tayari iko.