Maswali ya Wasomaji: Kuchagua na Kufundisha Vitabu vya Hadithi

SWALI: Ninafundisha darasa la tatu. Shule imenitengea fedha za kununua vitabu vya hadithi, nami nimeelekezwa nizingatie mambo mawili: kiwango cha usomaji na funzo la hadithi. Nimepitia orodha za wachapishaji kadhaa, na karibu kila kitabu kinadai kuyatimiza yote mawili. Nichague kwa kigezo gani?
Mwalimu wa shule ya msingi

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuangalia jalada linadai nini, kisome kitabu chote kwa sauti ukiwa peke yako. Sentensi iliyoandikwa ovyo hujificha katika usomaji wa kimya, lakini ulimi huinasa mara moja. Kitabu kinachokuchosha wewe kabla hujafika katikati, usitegemee kwamba watoto wa miaka minane watakivumilia hadi mwisho.

Kuhusu kiwango, kipimo kinachotajwa mara nyingi kinatokana na mtaalamu wa usomaji wa Marekani, Emmett Betts, ambaye mwaka 1946 alipendekeza kwamba mtoto anayesoma kwa msaada wa mwalimu ayatambue maneno yapatayo 95 katika kila 100, na kwamba akishuka hadi 90 au chini yake, kitabu kimemzidi. Kipimo hicho kinafaa kwa vitabu ambavyo mtoto atajisomea. Hakifai kwa kitabu ambacho wewe utakisoma huku darasa likisikiliza, kwa kuwa watoto wa umri huo huelewa kwa kusikia mengi kuliko wanayoweza kuyasoma wenyewe. Kwa hiyo yagawe manunuzi yako mafungu mawili: vitabu vya kusomewa, ambavyo lugha yake inaweza kuwa na kina zaidi na ambavyo nakala moja yatosha, na vitabu vya kujisomea. Katika fungu hili la pili, nakala tano tano za vitabu vinane zina manufaa kuliko nakala 40 za kitabu kimoja, maana watoto watasoma kwa vikundi, watabadilishana, na asiyevutiwa na kimoja atapata kingine.

Suala la funzo ndilo linalonitia shaka zaidi. Hadithi nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya shule zina mtoto mtundu asiyesikia la mkubwa, akapatwa na balaa ukurasa wa mwisho, akaomba radhi. Darasa likishazisoma mbili, linajua mwisho wa ile ya tatu kabla halijafungua kitabu, na hapo hakuna tena la kujadili. Tafuta hadithi ambayo mhusika wake ana sababu ya kufanya alilofanya, hata kama amekosea, ili watoto wawili wenye akili timamu waweze kuisoma na kutofautiana kwa haki. Maadili yamo humo humo katika kutofautiana kwao, na yanakaa zaidi kuliko sentensi iliyokaririwa.

Picha nazo zichunguzwe kama maneno. Katika kitabu cha picha kilichotungwa kwa ustadi, picha hueleza jambo ambalo maandishi yamelinyamazia, wakati mwingine hata huyapinga. Vitabu vya aina hii kwa kawaida huwa na kurasa 32, idadi inayotokana na jinsi karatasi kubwa za uchapaji zinavyokunjwa, na mtungaji hodari huutumia kila mgeuzo wa ukurasa kumfanya msomaji asubiri. Ukikuta picha zinarudia tu kilichoandikwa, kiweke pembeni.

Hatimaye vipange pamoja vitabu vyote ulivyovichagua, ujiulize ni nani wanaoonekana humo. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika kwamba vitabu vinaweza kuwa kioo anamojiona mtoto, na pia dirisha la kuwaonea wengine. Kitabu kimoja si lazima kifanye kazi zote mbili, ila rafu nzima inapaswa kuzifanya.

SWALI: Wanafunzi wangu wanasikiliza hadithi kwa furaha, lakini nikiuliza "Tunajifunza nini?" wote wananyamaza, au wananijibu kwamba tuwatii wazazi, hata pale hadithi isipohusu wazazi. Kosa liko wapi?
Mwalimu wa darasa la nne

JIBU: Kosa liko katika swali. Louise Rosenblatt, mtaalamu wa Marekani wa usomaji wa fasihi, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alitofautisha usomaji wa kutafuta taarifa ya kuondoka nayo na usomaji wa kuishi ndani ya kile kinachosomwa. Watoto wako walikuwa katika usomaji wa pili, nawe ukawavuta ghafla kwenye wa kwanza; basi wakakupa jibu ambalo uzoefu wa shule umewafundisha kwamba halikosolewi.

Uliza kwanza kilichowapendeza, kilichowachukiza na kilichowatatiza. Swali la tatu ndilo lenye mavuno, kwa sababu mtoto anayesema "sikuelewa kwa nini hakurudi nyumbani" tayari ameishika dhamira ya hadithi kwa mkia. Usimjibu wewe, wape wenzake nafasi, kisha wote warudi kitabuni kutafuta mahali panapounga mkono wanalolisema. Ukihitaji kuwapima, pima hilo: uwezo wa mtoto kuonyesha ukurasa uliomfanya afikiri hivyo.

Msamiati usiukatizie masimulizi. Eleza maneno matatu au manne yasiyokwepeka kabla ya kuanza, mengine yaache muktadha uyaeleze, na yaliyobaki yarudieni siku ya pili, mtakapokisoma kitabu hicho hicho upya. Naam, kisomeni tena: katika usomaji wa kwanza watoto hulikimbilia tukio, na wa pili ndio unaowaruhusu kuona jinsi lilivyoandaliwa.

SWALI: Mzazi mmoja amelalamika kwamba hadithi tuliyosoma ina kifo cha bibi, akataka kitabu kiondolewe. Nifanyeje?
Mkutubi wa shule

JIBU: Kifo katika hadithi ya watoto si kasoro. Linaloangaliwa ni kama mwandishi amemwacha mtoto na mtu wa kushika mkono wake ndani ya hadithi, au ametaka kutisha tu. Mwombe mzazi akisome kitabu chote kabla ya mazungumzo, kwa kuwa malalamiko mengi huanzia kwenye ukurasa mmoja uliosimuliwa nyumbani, nawe mpe nafasi aeleze, maana huenda familia imefiwa karibuni. Akiendelea kukataa, mtafutie mwanawe kitabu kingine kwa vipindi hivyo, na kile kilicholalamikiwa kibaki rafuni kwa ajili ya wengine.