Taa moja yatosha kuanza

Dada, umesema unarekodi mahojiano kwenye bedsita yako huko Umoja, una taa moja tu, na nyuso zinatoka bapa. Usinunue nyingine bado. Taa ikikaa juu ya kamera inafuta karibu vivuli vyote, na kivuli ndicho kinachoupa uso umbo. Isogeze kando nyuzi 45 hivi, iinue kupita usawa wa macho, kisha tundika shuka nyeupe mbele yake ili mwanga ulainike (isiguse taa, itaungua!). Upande wa pili wa uso simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Ukiisogeza karibu, kivuli kinapungua. Mimi napenda kibaki kidogo, ngozi zetu hung'aa vizuri hivyo. Zima balbu ya dari, rangi ya mwanga wake isigongane na ya taa yako. Mgeni unayemhoji naye asiegemee ukuta, kivuli chake kisimkae mgongoni.