Maswali na Majibu: Rangi ya Vinundu Haitaki Kiraka

Fundi, nimepaka kiraka kwenye kava la mashine ya kukereza kwa rangi ya hama (ile ya vishimo vya nyundo) ileile, lakini kinaonekana kutoka mlangoni. Nimeuziwa feki?

Hujauziwa feki. Vile vishimo vya kama bati lililogongwa nyundo havitoki kwenye kopo vikiwa tayari. Vinajichora rangi inapokauka, na ukubwa wake unafuata unene uliopaka, thina uliyotia na joto la bati. Kiraka chako ni chembamba, basi kimetoka na vishimo vidogo. Fungua kava, lipake zima, kona kwa kona. Kabla ya hapo jaribu kwenye bati chakavu, likiwa limelala au limesimama kama kava litakavyokuwa, maana likisimama rangi nzito huteleza. Na kama mashine ni ya zamani, tumia msasa wa maji: rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi (ledi), na vumbi lake si la kuvuta.

Niongeze thina ili ipite kwenye bunduki ya kupulizia?

Swali hili haliishi! Hapana. Badilisha nozeli: toka 1.4 mm uende 1.8 au 2.

Tangu nipulize rangi ya hama, kila kazi inatoka na vitundu vya mviringo.

Ni silikoni. Rangi nyingi za hama zinayo, na tone dogo linatosha kuharibu gari zima. Fungua bunduki yote uioshe, badilisha vitambaa, na kazi za hama uzipeleke mbali na kazi nyingine.

Kifuniko cha valvu nimekipaka rangi ya mikunjo. Upande mmoja umekunjamana, mwingine laini.

Upande laini ulipata rangi kidogo. Mikunjo hutokea uso ukikauka huku chini kungali kubichi; rangi ikiwa nyembamba, vyote hukauka pamoja. Piga mikono (tabaka) mitatu mizito: wa kulala, wa kusimama, wa mshazari, ukiacha kama dakika 5 kati yake, kisha joto la nyuzi 90 hivi kwa saa moja. Usiongeze mkono juu ya iliyokwisha kukauka. Kwangua yote uanze upya. Oveni ya jikoni iache ioke mikate.

Boksi la umeme la rangi ya poda, RAL 7035 (namba ya kijivu hafifu), limekwaruzwa. Nalipataje vinundu vyake?

Poda huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo na waya ndani usiiwaze. Zima umeme. Msasa namba 320 mlango mzima, praima (rangi ya msingi) ya epoksi palipo na chuma kitupu, kisha rangi ya poliyurethani ya kuchanganya na hadena (kigumishi). Mkono wa kwanza laini. Ukianza kunata, shusha presha ya hewa hadi bar 1 au 1.5 na urudi nyuma kidogo ili rangi itue kwa matone. Matone yakiwa makubwa, pandisha hewa. Bolti ya ethi (ya waya wa ardhini) izibe kwa tepu. Rangi ikiingia hapo umekata ulinzi wa mtu. Tena hadena hiyo ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, ambayo barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Bila kofia ya kuletewa hewa safi, mpe kazi mwenye nayo.

Nipake juu ya kutu?

Ukitaka kupaka tena mwakani, paka.