Nimemchunia rafiki yangu wiki tatu, mbona mimi ndo naitwa mbaya?

Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa pili chuo hapa Dar, nimepanga chumba na rafiki yangu kule Msewe tangu tuanze chuo. Shida ilianzia kwenye umeme. Kila luku ikiisha naweka mimi, mara nne mfululizo sasa, elfu ishirini, yeye anasema bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia atanirudishia, bumu likaingia akasuka na akanunua viatu, mimi kimya. Sikumwambia kitu sababu sipendi ugomvi na nyumbani nimelelewa kwamba mwenye adabu anameza. Basi nikaanza kumchunia, ni salamu tu, akiniuliza kuna nini nasema hamna kitu. Sasa ni wiki ya tatu. Juzi nikaweka stetasi ya fumbo kuhusu watu wanaokula vya wenzao, akaiona, akalia sana, akaniambia mimi mnafiki. Yani nimezuia hasira zangu zote, sijamtukana hata siku moja, alafu naitwa mnafiki! Nimekosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza una haki kabisa na hela yako, kuumia kwako sio roho mbaya, hilo liweke pembeni tusirudi tena.

Ila unaposema umezuia hasira, hapo ndo pana shida. Umeificha mdomoni tu, kwingine kote inatembea. Ipo kwenye mgongo unaompa ukilala, ipo kwenye namna unavyokiweka kikombe mezani, ipo kwenye hilo "hamna kitu" lako ambalo hata mtoto wa miaka mitano angejua kwamba kitu kipo. Yeye anaishi na hasira yako saa ishirini na nne bila kuambiwa kosa lake ni nini, alafu siku ya kwanza kulisikia analisikia kwenye stetasi pamoja na watu wote wenye namba yako. Ndo maana neno lililomtoka ni mnafiki.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa James Gross, wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, amefanya kazi miaka mingi kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi wote tunaviita kujizuia: kuliangalia jambo kwa jicho lingine kabla hasira haijapanda, na kuificha ambayo tayari imeshapanda. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha utafiti ambao naurudia kila nikipata barua kama yako. Waliwakalisha wanawake wawili wawili wasiojuana, wakawaonyesha filamu ya kuhuzunisha, kisha wakaambiwa waiongelee, na mmoja ameambiwa pembeni asionyeshe chochote anachohisi. Presha ikapanda mpaka kwa yule mwenzake asiyejua lolote! Na hao wamekutana siku moja tu, nyie mnalala chumba kimoja, feni moja, wiki ya tatu hii.

Utafiti mwingine wa mwaka 2009 uliwafuatilia vijana tangu hawajaingia chuo mpaka muhula wa kwanza, na waliokuwa wakificha hisia ndo walipata sapoti ndogo na ukaribu mdogo na watu. Mi siushangai, sababu mtu akikuona huna shida kamwe atakusaidia nini?

Mimi mwenyewe nilimpoteza mwenzangu wa chumba kwa sufuria. Alipika ugali akaacha ukoko umekauka na sufuria ilikuwa yangu, nikaiosha nimenuna nikiwa nasugua kwa nguvu ili asikie ule mkwaruzo, na sikusema neno. Nikafanya hivyo muhula mzima. Siku anahama akaniuliza mlangoni, kumbe ilikuwa sufuria? Nikashindwa kumjibu, na mpaka leo nikiona ukoko namkumbuka.

Kuhusu fumbo, najua tumelikuta, bibi zetu walisemeana kwa majina ya kanga. Lakini aliyelengwa na kanga naye aliweza kununua yake akajibu, na mwisho wa siku ni majirani wanakutana kisimani. Stetasi wanaiona hadi watu mliosoma nao form two, na yeye hana pa kujibia.

Sasa fanya hivi. Usiongee naye leo usiku, na usiongee kabla ya tesiti. Ukihisi moyo unakwenda mbio au sauti inatetemeka, mwambie tu "naomba nitoke kidogo, narudi tuongee", alafu urudi kweli, sababu ukiondoka bila kurudi umemchunia tena. Chagua wakati mnatembea, mkienda kununua chipsi au mnatoka darasani, watu wakitembea sambamba hawatazamani machoni na maneno magumu yanatoka vizuri zaidi. Anza na lako, muombe radhi ya stetasi bila kuweka "lakini". Ndo umwambie: "Nimeweka luku mara nne mfululizo, elfu ishirini, na ulivyosuka kabla hujanirudishia nikaona hunijali, nikashindwa kukwambia." Ishia hapo, nyamaza, mwache ajibu. Usiseme "we kila siku", usiingize mambo ya mwaka wa kwanza. Inawezekana hela hana kweli na anaona aibu, inawezekana amesahau, na inawezekana hajali, lakini saivi hujui ipi kati ya hizo.

Habari dada, mimi ni kijana wa Mwanza, miaka 24. Mshkaji wangu tuliyeanza naye biashara ya vifaa vya simu amenizunguka kwenye hela. Watu wananiambia nitoe hasira, basi kila jioni naenda jim napiga begi huku namuwaza yeye, natoka nimechoka hoi ila hasira iko palepale. Shida nini?

Nzuri kaka, pole sana. Shida ni hiyo "huku namuwaza yeye". Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichukua wanafunzi 600 wa chuo, wakaandika insha, alafu zikapondwa makusudi ili wakasirike. Wengine wakapiga begi huku wanamuwaza aliyewaponda, wengine wakapiga huku wanawaza mazoezi, na wengine wakakaa tu kimya. Waliopiga huku wanamuwaza ndo walibaki na hasira kuliko wote. Begi endelea nalo kwa ajili ya mwili, lakini kichwani hesabu raundi. Na suala la hela likalie na daftari la mauzo na mtu mzima mmoja ambaye nyote mnamheshimu, hilo begi haliwezi kulimaliza.

Dada mambo, rafiki yangu kaachwa tangu mwezi wa tatu, kila usiku ananitumia voisi za dakika nane nane kuhusu jamaa, na mimi namjibu tunamchambua mpaka saa saba. Nampenda ila naanza kuchoka na hata yeye simuoni akipata nafuu.

Poa mdogo wangu, na hongera kwa uvumilivu. Mtafiti Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri ameandika kuhusu jambo hili tangu 2002 akiwachunguza watoto na vijana wadogo: marafiki wakikaa kulichambua tatizo lilelile tena na tena, urafiki unakaza, ila huzuni nayo inakua, hasa kwa wasichana. Yote mawili kwa pamoja, ndo maana inakuwa ngumu kuacha. Usimkatie simu ghafla. Leo akituma, sikiliza moja mpaka mwisho, mwambie "najua inauma", usiulize tena jamaa alisema nini, alafu muulize Jumamosi anaweza kukusindikiza Kariakoo au wapi. Ila kama halali, hali, au anasema hataki kuishi, hapo usibaki naye kwenye voisi, mfuate alipo na umpeleke hospitali au kwa mshauri wa chuo siku hiyohiyo.