Grenada: msiishie ufukweni

Mkuu, umeuliza kama Grenada, kisiwa cha Karibi, inafaa kwa wiki tatu, wewe na mkeo, Februari kuingia Machi, na kama kuna cha kuona zaidi ya fukwe, maana kila mtu anakuelekeza Barbados au Jamaica. Nimeishi kule zaidi ya mwaka, mwenzangu alipopata mkataba wa kazi kwenye chuo cha udaktari, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Nendeni. Na hizo wiki tatu msizimalizie Grand Anse.

Sisemi Grand Anse ni pabaya. Ni ufukwe wa karibu kilomita tatu, mchanga mweupe, maji yametulia, na fukwe za kisiwa kizima ni za umma, hakuna hoteli ya kukufukuza. Ila mtu wa Pwani bahari nzuri anayo nyumbani. Kinachostahili nauli ya kuvuka Atlantiki kiko mlimani na kaskazini, kwenye mashamba ya kungumanga na kakao.

Mimi ni wa Pemba, nimekulia kwenye mikarafuu, na bado kisiwa kile kilinishangaza. Pamoja na visiwa vyake vidogo kina kilomita za mraba 344, hakifiki nusu ya Pemba, lakini kabla ya mwaka 2004 ni Indonesia pekee iliyokuwa ikikizidi kwa kungumanga duniani. Bendera yao yenyewe ina picha ya kungumanga. Kisha tarehe 7 Septemba 2004 kikaja kimbunga Ivan. Watu 39 walifariki, karibu nyumba zote ziliharibika, na mikungumanga mingi ikang'oka. Mti ule unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na mkulima mwenye umri hana subira hiyo. Wengi wakahamia kwenye kakao. Kwetu wazee walisimulia kimbunga cha Aprili 1872 kilicholaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba imesimama, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Grenada haikuwa na Pemba yake. Ukisikiliza mzee wa Gouyave akihesabu miti aliyopoteza, unaelewa kwa nini nasema mwende huko kwanza.

Gouyave ni mji wa wavuvi, pwani ya magharibi. Kuna kituo cha kungumanga, jengo la zamani la ghorofa, na kwa kiingilio kidogo utatembezwa. Kina mama wamekaa wanachambua kwa mkono. Kungumanga zinatumbukizwa majini: iliyozama ni nzuri, iliyoelea inatengwa. Basibasi, ule utando unaoizunguka kungumanga, inapangwa kwa daraja lake mbali. Magunia yanapigwa chapa kwa wino kuonyesha mzigo unakokwenda. Hawatupi kitu: nyama ya tunda inapikwa jemu na sharubati, na maganda yanamwagwa kwenye njia za bustani kama sisi tunavyomwaga kokoto. Mvua ikinyesha, njia nzima inanukia.

Panga Gouyave iwe Ijumaa, kwa sababu jioni kuna Fish Friday: mtaa unafungwa, samaki anachomwa na kukaangwa pale pale. Ni kwao Kirani James pia, aliyeshinda mita 400 London mwaka 2012 na kuipa Grenada medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Ukisema unatoka Afrika Mashariki watakuuliza habari za David Rudisha, mkimbiaji wa Kenya, na hapo mazungumzo hayaishi.

Siku nyingine nendeni Belmont Estate, parokia (yaani wilaya) ya St. Patrick. Kakao inachachushwa chini ya majani ya migomba, halafu inaanikwa kwenye trei kubwa za mbao zinazosukumwa chini ya jengo mvua ikitisha, na wafanyakazi wanaigeuza kwa kuipitia kwa miguu. Wapigieni simu kabla ya kwenda, kwani kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliumiza sana upande ule wa kaskazini. Karibu na hapo kuna River Antoine, kiwanda cha ramu tangu 1785. Mimi situmii pombe, nilikwenda kwa ajili ya gurudumu la maji linalosaga miwa mpaka leo, na ningerudi tena. Makapi ya miwa ndiyo kuni za kuchemshia juisi. Kama mna rafiki wa kumpelekea chupa, mjue ile kali inapita asilimia 75, na ndege hairuhusu kinachozidi 70. Wenyewe wanauza nyingine nyepesi kidogo kwa ajili ya wasafiri.

Ukiwa kaskazini fika Sauteurs. Mwaka 1651 Wakaribi, wenyeji wa kisiwa, waliokuwa wakiandamwa na Wafaransa walijirusha baharini kutoka kwenye genge kuliko kukamatwa. Simama pale juu uangalie chini. Usipite kwa haraka.

Katikati ya kisiwa kuna Grand Etang, ziwa ndani ya kreta ya volkano, kwenye msitu wa mvua. Kuna kima wadogo aina ya mona ambao asili yao ni Afrika Magharibi, walifika na meli za biashara ya watumwa. Msiwalishe, wanazoea vibaya. Barabara ni hiyo hiyo ya basi namba 6 kwenda Grenville, na kwa anayependa kutembea, njia ya maporomoko ya Seven Sisters iko jirani. Vaeni viatu vya kushika, tope lake halina huruma.

St. George's, mji mkuu, itoshe siku mbili, moja iwe Jumamosi ya soko. Pandeni Fort George. Uani pale, tarehe 19 Oktoba 1983, Waziri Mkuu Maurice Bishop alipigwa risasi pamoja na wenzake, na siku sita baadaye jeshi la Marekani likaivamia nchi. Miili yao haijapatikana mpaka leo. Uwanja wa ndege mtakaotua unaitwa kwa jina lake, na ulijengwa kwa msaada wa Cuba. Watu wa umri wa miaka hamsini na kuendelea wanakumbuka kila kitu, lakini msiwaulize siku ya kwanza; waacheni waanze wenyewe.

Chakula: jaribuni oil down, chakula chao cha taifa. Shelisheli, majani ya majimbi, maandazi ya unga wa ngano yasiyokaangwa, manjano na tui, vyote sufuria moja mpaka tui likauke na kubaki mafuta. Nilipoonja mara ya kwanza nilikaa kimya, nilimkumbuka bibi yangu. Kwa Waislamu: mara nyingi kinatiwa mkia wa nguruwe wenye chumvi. Ulizeni mapema, wapo wanaopika kwa kuku au samaki wa chumvi, na hawakasiriki ukiuliza. Asubuhi kunyweni kakao yao ya kuchemsha na mdalasini na kungumanga.

Usafiri ni Hiace kama zetu, na konda wake. Kila njia ina namba. Namba 1 ndiyo ya Grand Anse. Ukitaka kushuka unagonga bodi. Jioni zinapungua na Jumapili ni shida kweli, siku hiyo kodini gari. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila kwa kawaida unalipia kibali cha udereva cha huko, na kona za mlimani ni nyembamba. Plagi ni zile zile za pini tatu za nyumbani. Dola ya Karibi ya Mashariki imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Maisha ni ghali kwa kuwa vitu vingi vinakuja na meli. Nunueni sokoni, mpike.

Tiketi nyingi hupitia London, Miami, New York au Toronto. Kupitia Marekani, hata kubadilisha ndege tu, kunahitaji visa, kwa hiyo amueni njia kabla ya kulipa. Bebeni cheti cha homa ya manjano. Nguo za mabaka ya kijeshi acheni nyumbani, raia haruhusiwi kuzivaa. Na ufukweni mkiona mti wenye alama nyekundu shinani, ni manchineel: msile tunda lake, wala msijikinge mvua chini yake, utomvu wake unaunguza ngozi.

Salimieni. Ukipanda Hiace unasema habari za asubuhi kwa wote, ukiingia dukani vile vile, ndipo uulize bei. Asiyesalimia huhudumiwa kwa shingo upande, na mimi nawaunga mkono.

Mkifika Machi, kasa wakubwa wa ngozi wanaanza kupanda ufukwe wa Levera kutaga. Unakwenda usiku na mwongozaji mwenye kibali, bila tochi nyeupe. Siku mbili tatu za mwisho vukeni kwa boti hadi Carriacou. Beryl ilikipiga kisiwa kile vibaya kuliko kote, na watu wake wanaishi kwa bahari na wageni. Laleni nyumba ya mwenyeji, kuleni kwa mama lishe, na mwende kijiji cha Windward wanakochonga mashua za mbao kando ya maji. Bahari ya katikati huchafuka, kunyweni dawa ya kichefuchefu kabla boti haijaondoka.